Mpishi Hushiba Moshi

Kabla watu hawajahamishiwa kijiji cha ujamaa, Mashavu alijulikana kutoka Kwedizinga mpaka Korogwe mjini kwa ajili ya mkono wake. Harusi, hitima, jando, popote palipoinjikwa sufuria kubwa, aliitwa yeye. Alikuwa mjane mwembamba, mpole wa maneno, na alipopika hakupenda kusemeshwa. Ukimwuliza jambo, jibu lake lilikuja baada ya muda, kana kwamba alilifuata mbali.

Siku ya Uhuru alipika Korogwe. Ng'ombe walichinjwa mpaka wachinjaji wakachoka, na moshi wa kuni ukatanda juu ya mto kama ukungu. Yeye alisimama katikati ya ule moshi, mwiko mkononi, akisikia ngoma zinakuja na kwenda.

Halafu ukaja mwaka wa kuhama. Nyumba zikajengwa kwa mistari kando ya barabara, na mvua ikakataa. Mahindi yalikauka kabla hayajafika magotini. Yakaletwa mahindi ya njano kutoka nje, watu wakayaita yanga. Waliyasema vibaya na kuyala. Shughuli zikakoma. Aliyeoa alioa kimyakimya, na hakuna aliyemwita Mashavu.

Alasiri watu wazima walikwenda kisomo katika ghala la kijiji, kwa kuwa lilikuwa tupu na lina kivuli. Mwalimu wao alikuwa Hilaria, msichana kutoka mtaa wa Manundu, Korogwe, ambaye wazazi wake walikuja zamani kukata mkonge. Siku moja aliwaamkia, akageukia ubao, akaandika neno moja: KARAMU.

Mzee Semboja, aliyekaa mbele kwa sababu ya macho yake, akalisoma polepole, silabi kwa silabi. Alipolimaliza akakunja uso.

"Mwalimu," alisema, "umekosa neno jingine? Tumeamkia uji wa chumvi, wewe unatuandikia karamu?"

"Nisamehe, mzee. Ndilo lililomo kitabuni." Hilaria naye alikuwa hajala. Akanyoosha mkono alifute.

"Usilifute, mwanangu," Mashavu akasema kutoka nyuma. "Liache tulitazame."

Wakalitazama. Mwantumu, jirani yake Mashavu, mama mnene wa zamani ambaye nguo zake sasa zilimpwaya, akacheka kidogo.

"Mbona liko peke yake? Karamu ina ndugu zake. Iko walima, ya bwana harusi baada ya nikahi."

"Na dhifa," akasema Semboja, hasira ikimtoka bila yeye kutaka. "Nimeisikia redioni. Dhifa ni karamu ya wakubwa. Mnakaa vitini, mnakula kidogo, mnasema sana."

"Afadhali hata hiyo kidogo!" mtu akadakia, na watu wakacheka.

Hilaria akaandika yote ubaoni. Maneno yakaanza kuja kutoka kila pembe: kubugia, kufakamia, kula mpaka ukalegeza mkanda. Mwantumu akaonya kwamba ukizidisha inaitwa israfu, nayo Mungu haipendi.

"Mwaka huu atatusamehe," Semboja akajibu.

Ndipo Mashavu akafumba macho, akaanza kusimulia upishi wa siku ya Uhuru. Alianza na vitunguu, namna vinavyolia kwenye samli, kisha vinanyamaza, kisha vinageuka rangi. Akatia nyama. Akatia iliki na mdalasini, akangoja. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wainame kumsikia. Aliposema anafunika sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko, wengine walivuta pumzi kwa pua. Nje upepo uliburuta vumbi jekundu, lakini mle ndani watu waliapa baadaye kwamba walisikia harufu. Semboja alimeza mate mara kwa mara, uso wake umelainika kama wa mtoto anayebembelezwa.

Aliponyamaza, hakuna aliyetaka kuinuka.

"Mama," Hilaria akauliza taratibu, "siku ya Uhuru ulikula nini?"

Mashavu akafumbua macho.

"Mimi?" alisema. "Mpishi hushiba moshi. Watu wakila, mimi naosha masufuria. Nikibahatika nakwangua ukoko."

"Hata siku moja hukuketi?"

"Nani angepakua?"

Mwantumu akatazama chini. "Harusi yangu alipika yeye," alisema. "Nilimshukuru. Sikumwuliza kama amekula."

Njaa iliendelea miezi mingi. Walizika wazee kadhaa, na mtoto mmoja. Kisha mvua ikarudi, mahindi yakabeba, na watu wakapata tena nguvu za kugombana. Baada ya mavuno Hilaria alikwenda Kerenge kwa shangazi yake, akarudi na mchele. Mwantumu na wenzake wakainjika sufuria mbele ya ghala.

Mashavu alifuata harufu, akaja akijifunga kanga kiunoni. Mwantumu akamzuia.

"Leo mwiko huu haukuhusu. Nenda mkekani."

"Moto wenu mkali. Mtaunguza."

"Tutaunguza. Nenda ukae."

Akakaa. Hakujua aweke wapi mikono. Hilaria akamnawisha, akamwekea sahani kabla ya mtu mwingine yeyote, hata kabla ya Semboja. Mashavu akatia tonge mdomoni, akatafuna polepole, na machozi yakamshuka bila sauti. Watu wote walikuwa wamesimama wanamngoja.

"Vipi chumvi?" Mwantumu akauliza kwa woga.

"Imezidi," alisema Mashavu. Akala yote, akasogeza sahani mbele. "Niongezeeni."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na akarudi kupika shughuli za watu. Ila walipokuja kumwita, alikuwa na sharti moja, naye alilisema waziwazi, bila haya: atapakua yeye mwenyewe, na sahani ya kwanza itakuwa yake.