Mbuzi wa Faini Hakuchinjwa

Ipo siku moja kule Mlali ninayoikumbuka kuliko tarehe zote za somo la historia, mwanangu. Naam, nakuita mwanangu. Wewe uko kidato cha kwanza, mimi niko cha nne na ndevu zimeshaanza kuota. Kwa sheria za bweni hili mimi ni mzee wako. Kaa usikilize.

Nilikuwa darasa la sita. Ruksa ndiyo kwanza ilikuwa imeingia, serikali imelegeza masharti ya biashara: mitumba ruksa, mashine ya kusaga ya mtu binafsi ruksa, na wanaume wengine wakadhani hata kupiga mke ni ruksa. Shemeji yangu alikuwa mmoja wao. Alimvunja mkono dada yangu Nyemo, dada akakimbilia kwa bibi.

Kesi kama hizo pale kwetu ziliisha kwa mbuzi. Mume analeta mbuzi wa faini, wazee wanamla, na mke anarudishwa kwake kabla mafuta hayajawakauka midomoni. Funika kombe mwanaharamu apite. Shemeji alileta mbuzi jike mnene, na sikudanganyi, hata mimi nilishayawazia maini.

Mzee Lungwa, kiongozi wa kikao, akauliza, "Haya kijana, ilikuwaje?"

"Shetani alinipitia, mzee."

Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja alishaanza kunoa kisu. Ndipo bibi akatoka ndani.

"Huyo shetani naye kaleta mbuzi wake?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka, akamkazia macho shemeji. "Nakuuliza, baba. Nani kamvunja mkono mjukuu wangu?"

Shemeji akavua kofia, akasema, "Mimi. Nilimpiga kwa mpini wa jembe."

"Sasa tunaongea. Na mbuzi huyu ni wa nani?"

Mzee Lungwa akakohoa. "Mama, desturi unaijua. Ni wa kikao."

"Kikao kimevunjika wapi, Lungwa? Nionyeshe bandeji."

Kisu kikarudi kwenye ala. Bibi akamgeukia dada, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika kesi zote nilizochungulia. "Wewe mwenyewe unatakaje?"

Dada akasema polepole. Mbuzi ni wake, asichinjwe. Shemeji amlimie shamba la karanga, na kila Jumapili baada ya ibada aje awaeleze wazee alivyoishi wiki hiyo. "Leo sirudi. Nikirudi, nitarudi kwa miguu yangu. Nisiporudi, msinifuate."

Wazee wakakubali, shingo upande. Akina mama wa kijiji walikuwa na chumba chao nyuma ya mashine ya kusaga, mbali na macho ya shemeji. Dada akalala humo, wakapokezana kumpikia na kumsindikiza zahanati. Shemeji alilima, tukamwona, na kila Jumapili alisimama mbele ya wazee. Baada ya mavuno dada alirudi kwake, hakusukumwa na mtu. Mkono ulipona, umepinda kidogo.

Basi mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukisikia jirani anapigwa, usiongeze sauti ya redio. Ukiitwa kusuluhisha, anza na aliyeumia, tena usimharakishe arudi. Na siku ukikosea, usimsingizie shetani; ana kesi zake za kutosha. Mungu akukuze, akupe mikono ya kulima na kubeba watoto, na mkeo akisikia hatua zako mlangoni, asikatishe wimbo wake.