Mifuko Iliyopigwa Bandi

Wifi yangu humjua mtu kwa pindo la nguo yake. Ukiingia kibandani kwake, kabla hajakuitikia salamu, macho yameshashuka kutafuta uzi unaoning'inia. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Pindo. Kaka yangu alipomuoa alitutambia kwamba amepata mke mwenye jicho, na kweli alimpata. Kaka ametangulia, jicho limebaki, na hapa nasimulia jinsi jicho hilo lilivyotuponza.

Mtoto wao ni mmoja, binti. Tulimwita Dokta tangu alipomfunga kuku wa jirani mguu uliovunjika kwa vitambaa vya mama yake, na kuku akapona. Jina likakaa, na yeye mwenyewe akaliamini. Alipomaliza shule ya msingi alikuwa na neno moja tu mdomoni: uganga wa hospitali. Na kufika huko lazima ufaulu sayansi, hakuna njia ya mkato.

Wilaya yetu ni mashamba matupu na sekondari za serikali ziko tatu: ya Barabarani, ya Kilimani na ya Bondeni. Mwaka ule wazazi waliruhusiwa kuchagua. Wengine walikwenda kuuliza walimu, wengine waliuliza majirani. Mama Pindo hakumuuliza mtu. Yeye ndiye aliyezishonea shule zote tatu, sare na makoti meupe ya maabara, na makoti yalirudi kwake kila mara wakaguzi walipokaribia, yafuliwe, yazibwe na kupigwa pasi. Akaona jibu analo kibandani.

Ya Barabarani tuliitupa mapema, maana watoto walikuwa wakikalia madirisha kwa kukosa madawati. Zikabaki mbili. Alinikalisha kwenye kiti cha cherehani ya pili, ile iliyofunikwa shuka tangu msaidizi wake aolewe, akaweka marobota mawili ya makoti mezani.

"Wifi, hebu tazama mwenyewe," alisema, akaninyanyulia koti la Kilimani. Mkono ulikuwa umeungua tundu, kifuani doa la zambarau, mfuko umechanika unaning'inia. "Hawa ni wanafunzi au ni wapika lami?"

"Lakini Kilimani ni karibu," nikasema. "Mtoto atakuwa anarudi nyumbani kila wiki."

"Karibu na nini? Na uhuni?" Akafungua robota la Bondeni. Makoti yalikuwa meupe pe, yamekunjwa mikono kwa ndani, kola juu, vile vile anavyokunja yeye. "Umeona? Wananikunjia kama nilivyowapelekea. Na hapa je?" Akapitisha kidole kwenye mdomo wa mfuko. Fundi akimaliza koti huuziba mfuko kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, usije ukalegea njiani. Anayevaa huichomoa. Ya Bondeni ilikuwa bado ipo. "Hata mikono mifukoni hawatii. Hiyo ndiyo adabu, wifi. Huko ndiko atakakosomea Dokta wangu."

Nilimtania kwamba atamposea mtoto mume kwa kuangalia shati. Alicheka mpaka akajichoma sindano.

Dokta akaenda Bondeni. Likizo ya kwanza alirudi amekonda, hana maneno mengi. Mama yake alipomuuliza habari za maabara, alijibu huku akiangalia sahani, "Ina kufuli, Mama. Mwalimu wa sayansi hajaletwa."

Mama Pindo alifunga safari kesho yake. Mkuu wa shule alimpokea vizuri, akamsifu kwa makoti yake, akamwambia mwalimu yuko njiani. Alirudi ametulia. Likizo iliyofuata mwalimu alikuwa bado njiani, na mwaka uliofuata pia. Nadhani alikuwa anakuja kwa magoti. Wifi yangu alipoanza kuhangaikia uhamisho, Kilimani walishajaa, na kila afisa aliyemwendea alimwelekeza kwa mwenzake. Nilimwona akizeeka usoni. Mtoto naye hakulalamika, alijifungia na kitabu akikariri dawa ipi ikichanganywa na ipi hutoa rangi gani, kama anayekariri ukoo wa watu asiowajua. Nikimsikia nilitamani kulia.

Mtihani ukafika. Aliporudi nyumbani tulimzunguka jikoni, mimi na mama yake, tukitaka habari za ule wa vitendo.

"Walifungua maabara asubuhi ile," alisema. "Wakatugawia makoti. Nilitaka kuweka kalamu mfukoni, ikagoma. Nikatazama, nikaona uzi wako, Mama. Ile bandi."

Mama yake alikuwa ameshika mwiko. Aliendelea kuushika.

"Nikakaa naichomoa taratibu," Dokta akasema. "Wenzangu walikuwa wanaulizana zile chupa zinashikwaje. Mimi nilichomoa uzi tu, maana hicho ndicho nilichokuwa nakijua."

Wifi yangu alitoka nje. Nilimfuata nikamkuta amejishika kiuno, anahema. "Ilikuwa mikunjo yangu mwenyewe," aliniambia. "Wifi, hawakunikunjia. Hawakuwahi kuyakunjua." Nilimshika mkono.

Matokeo yalikuja kama tulivyoogopa. Lugha alipasua, historia alipasua, sayansi hakuambulia kitu. Shuka la cherehani ya pili likaondolewa. Siku hizi mtaani bado kuna wanaomwita Dokta, naye huitikia vizuri tu, anauliza unataka suruali ipunguzwe wapi. Mama yake halitaji tena jina hilo.

Juzi nilipita kuwasalimu. Bondeni walikuwa wameagiza makoti mapya, wakaguzi wako karibu. Binti alikuwa amefikia mifuko. Hakushika sindano ya mkono. Aliingiza mdomo wa mfuko chini ya sindano ya cherehani, akakanyaga, akauziba kwa mshono wa kudumu, mwisho hadi mwisho.

"Mwanangu," mama yake akasema, "huo ni mfuko."

"Najua, Mama."

"Watatia wapi mkono?"

"Nani?"

Mama Pindo alilivuta lile koti mapajani, akachukua wembe akaanza kuufumua mshono mmoja mmoja, uso ameuinamisha karibu kabisa na kitambaa, maana jicho lile siku hizi halioni vizuri.

"Mwalimu anaweza kuja," alisema.

Binti akavuta koti jingine.