Mama Mkwe Aliniiba Pamoja na Gari Langu

Siku niliyoenda kwa kina Tabby kuomba mke, mama yake aliniiba pamoja na gari langu.

Siongezi chumvi. Aliketi kwa kiti cha dereva, akaniambia nifunge mkanda, akaondoka na mimi huku wazee wa pande zote mbili wamesimama getini midomo wazi.

Lakini wacha nianzie pale ujinga ulipoanzia, yaani kwangu.

Naitwa Muriithi, naishi Ruiru. Kama uko kwa yale magrupu ya magari mtandaoni umeshawahi kunisoma, pole sana. Mimi ndiye yule wa "gari la kweli lazima likuchoshe mikono." Mimi ndiye niliandika aya kumi na moja kuhusu harufu ya petroli.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la Kijapani, la mwaka wa 1985, jekundu, milango miwili, gia ya mkono. Taa za mbele zilikuwa zinachomoza kutoka kwa boneti ukiziwasha, ingawa ya kushoto ilichomoza ikijisikia. Nililiita Malkia. Redio hakuna, power steering hakuna, na ukikanyaga sarafu barabarani mgongo wako ungekuambia ni ya shilingi ngapi.

Na nililipenda, jamani. Ukikosea gia lilikukemea. Ukipatia liliimba, nawe ukasahau hata sura ya landlord.

Rafiki yangu Gachau yeye ana gari jipya. Linawaka kwa kitufe, linajiegesha lenyewe, na ukitoka kwa laini linakulilia tiii. Mimi nililiita friji yenye magurudumu. Gachau hakuwahi kukasirika, maana ni vigumu kukasirika ukiwa umekalia kiti kinachojipasha joto.

Wiki moja kabla ya ruracio, yaani siku ya kupeleka mahari, Tabby aliniongelesha kwa upole ambao ningeuogopa kama ningekuwa na akili.

"Muriithi, siku moja tu. Kuja na gari ya Gachau."

"Babe, nataka wazazi wako wanione vile niko."

"Hiyo ndiyo inaniogopesha. Mum alisema mwanaume wa gari mzee atanifanya nikuwe wa kusukuma. Aki usimpatie sababu."

Sasa ona. Mama yake, Magdalene, hakuwa amenikubali. Jumamosi ile ndiyo ingeamua kama nitampata Tabby au nitarudi Ruiru na blanketi niliyomnunulia mama mkwe.

Na kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Stata ya Malkia ilikuwa imekufa tangu Jumanne. Mbele ya geti langu kuna mteremko, kwa hivyo nilikuwa naliachilia lishuke, natoa klachi, linawaka. Nikapanga hivi: nikiwasha Ruiru, sizimi hadi niwe ndani ya boma lao Thika.

Mpango mzuri kabisa. Tulipopita Witeithie, mjomba wangu Zacharia, msemaji wetu, aliyekaa kando yangu na suti yake ya kanisa, alikuwa ameshafungua dirisha na kutoa kichwa nje kutafuta hewa isiyo na petroli.

Tukafika. Geti imefungwa.

Kama hujawahi kwenda ruracio, jua kwamba huingii tu hivi hivi. Wamama wa kwao wanaimba wakiwa ndani, wa kwenu wanajibu wakiwa nje, na hamfunguliwi mpaka wa ndani waridhike. Inaweza kuchukua nusu saa. Mimi Mkikuyu mzima, mwenye kipande na kila kitu, nilisahau geti.

Wamama wetu wakaanza kuimba. Malkia naye akaimba zaidi yao.

"Nani amekuja na posho mill?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Zima hii kitu, hawatusikii!" Zacharia akasema.

"Uncle, siwezi."

"Huwezi aje?"

"Nikizima haitawaka."

Aliniangalia kama mtu anayejuta kunibeba nikiwa mtoto, akanyoosha mkono, akazima mwenyewe.

Nyimbo zilikuwa tamu, lazima nikiri. Geti ikafunguliwa kwa vigelegele. Na mbele ya msafara wote, katikati ya njia nyembamba yenye mlima, kukawa na Malkia, kimya, amefungia kila mtu njia.

Wanaume sita tulilishika kwa nyuma tukaanza kusukuma, Gachau na viatu vyeupe, Zacharia na suti. Mimi mtaalamu wa mtandaoni nilikuwa nahesabu: moja, mbili, tatu! Lilisonga hatua moja, likarudi mbili.

Magdalene akatoka. Rinda jipya la kitenge, kilemba, mikono kiunoni.

"Mnasukuma kwenda juu?"

Gachau aliangalia viatu vyake vyeupe.

"Mteremko uko nyuma yenu, na mnasukuma kwenda juu. Ngai! Tokeni hapo."

Akaamuru magari ya nyuma yasogee kando. Lile la Gachau likarudi polepole, likijiangalia kwa kamera. Kisha Magdalene akaingia kwa Malkia, akavua viatu, akanitupia mapajani nilipoketi kando yake.

Akaweka rivasi. Akakanyaga klachi, akaachilia breki ya mkono. Tukaanza kushuka kinyumenyume, mimi nimefumba macho. Akatoa klachi.

Malkia akakohoa, akanguruma.

Miaka minne nimekuwa na gari hilo. Sikujua linaweza kuwashwa hivyo.

Nilidhani ataliingiza ndani ya boma. Aligeuza, akashika barabara ya murram inayopita kando ya mashamba ya mananasi, na hapo ndipo nilipoibiwa.

Alishusha gia mbili kabla ya kona na gari halikushtuka hata kidogo. Nyuma ikateleza, naye akairudisha taratibu kama mtu anayegeuza chapati. Mimi nilikuwa nimekumbatia viatu vyake nikiita majina ya watakatifu ambao hata si wa dhehebu letu.

"Miaka kumi na tano," alipaza sauti, "nilipeleka maziwa kutoka Gatanga na pickup ya usukani mgumu kama hii! Iliniharibu bega!"

Lakini alikuwa anacheka. Nilimwona vizuri, alikuwa anacheka kama msichana.

Tuliporudi getini alizima gari, na kicheko kikaisha palepale. "Gari taka," aliwaambia wenzake, akachukua viatu vyake.

Mazungumzo yakaenda sawa, mpaka msemaji wao aliporudi kutoka jikoni.

"Mama wa msichana hataki kuongezewa mbuzi. Anasema ile gari ibaki hapa. Binti yake hatawahi kuisukuma. Mkikubali, msichana ni wenu."

Zacharia akanigeukia. Chumba chote kikanigeukia. Tabby alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya uji.

Ningependa kuwaambia nilijibu mara moja. Nilikaa sekunde nne. Tabby alizihesabu, na hadi leo tukikosana ananionyesha vidole vinne.

"Ibaki," nikasema.

Nilirudi Ruiru ndani ya friji. Kiti kilikuwa na joto, Gachau hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja asubuhi Tabby akanituma nimpelekee mama yake dawa ya bega. Sasa naendesha kagari kadogo ka kitufe. Nikiwa karibu na yale mashamba ya mananasi, nikasikia sauti ambayo ningeitambua hata nikiwa mochari.

Kwanza vumbi. Kisha wekundu. Kisha taa moja, ya kulia, imechomoza mchana kweupe.

Alisimama kando yangu, akashusha kioo kwa kuzungusha mkono. Kitambaa kichwani, uso wote vumbi.

"Hujaniona."

"Sijakuona, Mum." Nikamnyooshea dawa. "Bega liko aje?"

"Linauma Jumatatu mpaka Ijumaa."

Akaipokea, akaitupa kwa kiti cha nyuma.

"Na nilibadilisha stata. Kazi ya asubuhi moja. Wewe mtu wa Ruiru ulishindwa na stata?"

Akaondoka. Nilibaki pale nikilamba vumbi lake, kagari kangu kakilia tiii kwamba nimeegesha vibaya.

Funzo ni hili: anayeujua utamu wa kitu kweli hana muda wa kuuandikia aya kumi na moja. Yuko nje, anautafuta. Mimi hapa nimeandika ngapi? Usihesabu.

Mum, najua Tabby ataisoma hii na nimekuchoma, siri yako iko nje. Nisamehe. Lakini Jumamosi ukihitaji mtu wa kukushikia viatu, niko.