Tulipowauliza Wananchi Wanataka Nini

Siku yangu ya kwanza katika komine, ofisi ya serikali za mitaa hapa Goma, nilivaa kikwembe kipya cha kitenge. Baba yangu, dereva wa lori mwenye asili ya Kasongo, alikuwa amekinunua mpakani Bunagana kwa furaha ya kuona binti yake ameingia kazi ya serikali. Mkuu wa huduma ya kodi, mzee mrefu asiyevua koti hata kwenye jua kali, alinitazama kidogo tu. Alinikabidhi kitita cha jeton, vile vikaratasi vyenye muhuri anavyopewa muuzaji akishalipa kodi ya meza yake sokoni.

“Binti, sikia vizuri,” alisema. “Sisi hapa hatuulize mutu anataka nini. Tunauliza kama amelipa. Ukichanganya hizo mbili, kazi itakushinda.”

Meza ya kwanza niliyoifikia ilikuwa ya Masika, mwanamke wa rika langu aliyetoka Butembo na mumewe, akiuza kabichi na vitunguu. Alilipa bila kelele, kisha akaigeuza ile jeton mkononi.

“Hii inanunua nini?”

“Haki ya kuuza hapa.”

“Hapa wapi, dada? Niko nasimama ndani ya matope.”

Wenzake walicheka, nami nikacheka kwa aibu. Tangu hapo kila nilipofika kwake aliniuliza swali lile, hadi likawa salamu yetu. Tulisaidiana kuoza watoto, tukalia misiba pamoja, yeye akienda misa nami msikitini. Nami kila mara nilimjibu vilevile.

Ninyi vijana mnaofanya kazi hii ya komine sasa mtafikiri tulikuwa wajinga. Hatukuwa wajinga. Kodi wakati ule ilikuwa inapanda tu, kama moshi. Ilitoka sokoni ikaenda komine, ikatoka komine ikaenda mjini, na hatukuona kitu kikishuka. Halafu wakimbizi wakavuka mpaka kutoka Rwanda, watu wengi hata barabara ya Sake haikuonekana, na Mugunga, nje ya mji, ikafunikwa na mahema. Mbele ya jambo lile komine yetu ilikuwa kama mtu aliyeshika kijiko mbele ya mafuriko. Maji yaliletwa na malori ya wageni. Makaburi ya waliokufa kwa kipindupindu yalichimbwa na mashine za wageni. Wananchi wakajifunza somo baya: ukitaka maji, usimtazame aliyekutoza kodi.

Vita vilifuata, vikaondoka na wakubwa wetu mmoja baada ya mwingine. Kila mkuu mpya alikuja na muhuri wake, lakini soko lilikuwa lile lile na watozaji tulikuwa wale wale. Mmoja wa wakuu hao, mwanajeshi aliyewekwa kuongoza komine, alitukusanya uani akasema, “Vita inakula kama mutu. Shamba yake ni soko. Muende mukavune.” Hakuna aliyethubutu kumuuliza nani alipanda.

Volkano iliposhuka na kuufunika mtaa wetu kwa jiwe jeusi, wauzaji walirudi wakapanga meza juu ya lile jiwe wakati bado linaunguza kandambili. Tulitumwa kutoza. Masika alinipa pesa yake bila kunitazama. Siku ile jeton aliichomeka chini ya kabichi bila kuigeuza.

Miaka kadhaa baadaye, silaha ziliponyamaza kidogo, tulipata bourgmestre, yaani mkuu wa komine, aliyesoma na mwenye maneno mazuri. Alirudi kutoka semina na jambo jipya: bajeti shirikishi. Maana yake ni kwamba wananchi wanakaa katika mkutano wa mtaa, wanaelezwa kodi imeingiza nini, kisha wanachagua wenyewe sehemu yake ifanye kazi gani. Aliniita ofisini.

“Mama Zaina, watu wanakujua. Acha kutoza. Utakuwa animatrice, utaendesha mikutano.”

“Watachagua kweli, au tutawachagulia?”

“Watachagua kweli. Nakupa neno langu.”

Nilimwamini. Hadi leo naona kwamba siku ile hata yeye aliliamini neno lake.

Mkutano wa kwanza tuliufanya katika uwanja wa shule, watu wamekaa juu ya mawe. Wakati huo vita vilikuwa vimeanza tena upande wa Rutshuru, na waliokimbia walikuwa wamejaa kambi ya Kanyaruchinya hadi wakafurika kwenye mtaa wetu. Wengine walilala katika nyumba za wenyeji. Shida ya kila mtu ilikuwa maji. Watoto walishuka ziwani na bidoni, yale madumu ya plastiki, wakapanda nazo kati ya malori, na maji yenyewe yalikuwa yale ambamo mji mzima unafulia na kuogea. Haikuchukua muda watu kukubaliana kwamba pesa ijenge robine, yaani bomba za kuchotea maji, za watu wote. Ugomvi ulianza tulipofika kwenye swali la mahali pa kuziweka. Wafanyabiashara walizitaka sokoni. Kijana mmoja, mkimbizi, alisimama akaomba moja iwekwe juu, karibu na walikolala wao.

“Wewe umelipa kodi gani?” mtu akamrukia. “Hapa wanasema walipa kodi!”

Kelele zikapanda. Masika akasimama. Nilidhani atawaunga mkono wenzake wa soko, kwa maana asubuhi ile ile alikuwa amenilalamikia kwamba wakimbizi wamemmalizia kuni.

“Mimi njo nimelipa, mimi mwenyewe,” alisema. “Nimelipa tangu huyu mama Zaina akiwa binti. Pesa yangu sijaiona hata siku moja. Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa. Basi najibu. Hawa watu wakikunywa maji mabaya kule juu, ugonjwa utashuka huku chini, hautauliza nani analipa. Weka moja juu, moja sokoni.”

Mikono iliinuka. Si yote, lakini ilitosha. Niliendesha mikutano mingi baada ya hapo, ila kama kuna siku moja niliyoielewa kazi yangu, ni ile.

Jambo lililofuata sikulitegemea. Watu walianza kulipa kodi bila kufukuzwa. Muuza makala, makaa ya kupikia, aliyekuwa akijificha nyuma ya choo kila alipomwona mtozaji, sasa alimwita mwenyewe: “Njoo, chukua ya maji!” Siku ya salongo, Jumamosi ya kazi za pamoja, wanaume walikuja na mitarimbo kuchimba mtaro wa mabomba. Anayeijua Goma anajua maana ya kuchimba jiwe lile. Unapiga, cheche zinaruka, na jioni umepata urefu wa mkono. Wanawake waliondoa kokoto kwa mabeseni. Wenyeji na wakimbizi walichimba pamoja, na mtaro ukatoka barabara kubwa ukafika karibu na soko.

Ndipo vita vikakaribia mji. Tulisikia mizinga nyuma ya vilima. Bourgmestre aliniita tena, na safari hii hakuniambia nikae.

“Mama Zaina, hali imebadilika. Ile pesa ya maji imekwenda kwa usalama.”

“Usalama wa nani, Papa bourgmestre?”

“Wa mji.”

“Watu wameshachimba.”

“Najua wamechimba! Unafikiri sijui?” Alipiga meza, kisha sauti ikashuka. “Amri imetoka juu. Nikikataa, kesho ataketi mwingine hapa, na pesa itaenda vile vile. Uende uwaambie.”

Nilikwenda kuwaambia. Niliogopa mawe na matusi. Waliinuka mmoja mmoja, wakapangusa nguo, wakaenda. Masika peke yake alibaki.

“Walituuliza ili nini?” alisema. “Kabla hawajatuuliza, tulikuwa tunaibiwa tu. Sasa wametufanya kichekesho.”

Mvua zilipofika, mtaro ulijaa maji machafu na takataka. Kipindupindu kilianza kule juu, kama Masika alivyosema mkutanoni, kikashuka. Kilimkuta Masika akiwa na familia ya wakimbizi nyumbani kwake, akiwahudumia watoto wao. Nilifika kituo cha wagonjwa nikamkuta amelala kwenye kitanda cha mbao, macho yameingia ndani, mkono wake baridi kama samaki. Alinitambua. Nilimlowesha midomo kwa ncha ya kikwembe changu. Kabla jua halijazama alikuwa amekwenda.

Kwenye matanga nilikaa na wanawake. Dada yake, aliyekuja kutoka Beni, alinisogelea akanong'ona, bila hasira, “Wewe njo ulimwambia mambo yatabadilika?” Nikasema ni mimi. Akanipa kikombe cha chai, akaenda kuhudumia wengine. Afadhali angenipiga.

Bourgmestre yule alihamishwa. Aliyemfuata alinitaka niitishe mkutano mwingine, maana wafadhili walikuwa wakija kuona. Nilizunguka na megafoni avenue kwa avenue. Walikuja wazee wachache. Mmoja wao, fundi baiskeli aliyekuwa amepasuliwa kidole na jiwe siku za mtaro, alizungumza kwa niaba ya wote: “Mama, sisi tulishachagua. Sasa muchague ninyi.” Salongo iliyofuata, watu wale wale waliochimba walikuja na mawe, wakaufukia mtaro ili watoto wasitumbukie. Nilifukia pamoja nao. Niliendelea kuitisha mikutano hadi nilipostaafu, na kila mwaka waliokuja kukaa katika uwanja wa shule walipungua.

Vijana huniuliza kama kazi yetu ilikuwa na maana. Wanataka niseme kwamba mbegu ilipandwa. Siwezi kuwadanganya. Nilichoona ni hiki: mtu usiyemuuliza kitu anaweza kuishi na tumaini lake dogo amelificha ndani. Ukimuuliza, analitoa nje alishike mbele ya watu. Hapo ndipo linaponyang'anywa.

Siku hizi nauza makala mbele ya nyumba yangu, na mtozaji wa wakubwa wapya, walioletwa na vita vingine, hupita kwangu kama kwa wengine. Majuzi tuliitwa kwenye mkutano. Msichana mwenye sauti nzuri alitueleza mapato ni nini, matumizi ni nini, na kwamba mwananchi ndiye mwenye bajeti. Aliyasema vizuri, kuliko nilivyoyasema mimi. Kisha akauliza, “Nani ana wazo?”

Jirani yangu alinigusa kiwiko. “Mama Zaina, sema. Wewe unajua hii kazi.”

Nilitazama mikono ya watu. Ilikuwa kwenye mapaja, yote, na yangu pia. Msichana alisubiri, akauliza tena, akasubiri. Mwisho akainama akaandika, huku akisoma kwa sauti kama sheria inavyotaka, kwamba wananchi wameikubali bajeti kwa pamoja. Kisha akatushukuru, nasi tukapiga makofi.