Unga wa Glavu Ndani ya Goti

Saa tatu na robo asubuhi, simu ya maabara inalia kwa mara ya tatu. Mwanamke aliyeinamia darubini haigusi. Kwa jicho lake kali, wenzake humwita Mwewe.

"Mwewe, ni daktari wa upasuaji!" karani aliyeipokea anapaza sauti. "Mgonjwa hajala tangu jana. Anauliza, afungue goti au asifungue?"

"Mwambie akiona nachelewa, aje achungulie mwenyewe."

Mgonjwa ni fundi cherehani, mama wa watoto wanne. Goti la bandia alilowekewa miaka sita iliyopita limevimba. Kama plastiki yake inasagika na kuingia nyamani, lazima litolewe. Kama sivyo, kulifungua ni kumtesa bure.

Kwenye slaidi kuna kipande cha nyama chembamba kuliko unywele. Mwewe anazungusha kichujio cha mwanga cha darubini. Pote panakuwa peusi tii. Katika giza hilo plastiki humeremeta. Balaa ni kwamba unga unaopakwa glavu za wapasuaji ili zivalike kwa urahisi, ukidondokea nyamani, nao humeremeta.

Miaka mitatu iliyopita alivichanganya. Aliandika "plastiki", na mpishi mmoja akatolewa nyonga ya bandia isiyo na kasoro.

"Alitembelea magongo miezi saba," anamwambia karani. "Wala hakunilaumu. Afadhali angenitukana."

Leo anaona chembe za mviringo, kila moja na msalaba mweusi katikati. Huo ni unga. Anashika kalamu aandike "hakuna plastiki". Mkono unasita. Anabadilisha lenzi, anapekua seli moja baada ya nyingine, jasho likimtoka puani.

Pembeni kabisa, ndani ya seli nono, vimelala vipande vyenye ncha kama vigae vya chupa. Havina msalaba. Anachukua slaidi ya pili. Vimo.

Sasa anainua simu. "Ni plastiki. Fungua."

"Una uhakika, dada?"

"Ningekuwa sina, ungekuwa bado unasikiliza mlio."

Anakata simu. "Woga wa kosa la zamani nusura unitie kwenye jipya," anasema.

Ndiyo maana siku hiyohiyo anauandikia uongozi wa hospitali barua: kila sampuli ya kiungo cha bandia isomwe na watu wawili, kila mmoja bila kuona jibu la mwenzake.

"Wakikataa, nitapeleka barua nyingine. Sampuli hizi huja mbili tatu kwa wiki, na kila moja ina mwenyewe, kakaa mahali anasubiri kusimama."