Mikono Ambayo Haikuulizwa

Marjorie Doucette alianza kazi katika maabara ya chuo pale Cambridge, Massachusetts, akiwa na miaka ishirini na miwili. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Wahandisi walimrushia karatasi mezani bila kumtazama usoni, wakamwita "yule binti wa chapa" miezi mizima baada ya kujua jina lake. Mmoja tu ndiye aliyevuta kiti akaketi kando yake. Huyo aliitwa Warren Teague, mwana wa wavuvi wa Gloucester, mrefu kama nguzo ya simu, mwenye kicheko cha kutokea puani. Warren ndiye aliyeitunga Bittern, programu ya kuandikia kwenye kompyuta, akaipa jina la ndege wa kinamasini ambaye, kwa maneno yake, humwoni mpaka umzoee.

"Nimefungiwa humu ndani," Marjorie alilalama siku ya kwanza ya kuitumia. "Nabonyeza kila kitu, sioni pa kutokea."

"Tulia, Marji. Macho yapumzishe. Uachie mkono kazi, mkono una akili yake."

Akamwonyesha. Shikilia kitufe cha kontroli kwa kidole kidogo. Bonyeza A, unarudi mwanzo wa aya. Bonyeza X, kazi yako imehifadhiwa. "A, X," Warren alisema. "Kila ukimaliza kusema jambo. Kama mtu anayefuta kinywa baada ya kula."

Ilimchukua majira yote ya baridi. Alikosea, alilia chooni, alirudi. Kufika masika vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe, na mwaka uliofuata alikuwa anaiongezea Bittern amri za kwake, na wahandisi wale wale wakawa wanakuja mezani pake kuuliza. Miaka ikapita. Bittern ikawa mali ya yeyote anayeitaka, bure, na waliokuwa wakiitengeneza wakawa watu wa kujitolea walioandikiana barua pepe kutoka kila pembe. Warren alipoanza kusahau majina ya watu, alimkabidhi Marjorie uangalizi wote. Wakati huo Marjorie alikuwa amestaafu, mjane, anaishi Somerville na paka mmoja kiziwi.

Akawa mlinzi mkali. Kila mwaka alitokea mgeni wa kusema kwamba Bittern ina nguvu kuliko programu zote lakini inamtesa anayeanza, na kwamba wakati umefika vitufe vyake vifanane na vya dunia nzima. Siku zile, kila mahali pengine, A ilichagua maandishi yote na X iliyakata. Marjorie alikuwa na jibu moja: "Mlango ni mzito kwa sababu nyumba ni imara. Sukuma."

Wengi hawakusukuma. Walikwenda zao.

Mwaka mmoja, mkutano wa watu wa Bittern wa kila Oktoba, ambao zamani ulijaza ukumbi wa chuo, ulifanyika katika chumba cha chini ya kanisa. Walikuja watu kumi na mmoja, mvi tupu, na sanduku la donati likabaki nusu. Mwenye nywele nyeusi alikuwa mmoja tu, Noelle Ferrante, mwanafunzi wa elimu ya viumbe, aliyekuwa amepanda treni kutoka Providence. Miezi sita kabla Marjorie alikuwa amemjibu lile jibu lake la mlango.

"Nilisukuma," Noelle alisema aliposimama kuzungumza. "Wiki tatu. Wenzangu maabara wakanicheka, kila asubuhi wananiuliza, 'Vipi, umeshatoka?' Nikaandika kuomba msaada, nikaambiwa nyumba ni imara."

Wazee wakacheka kidogo. Marjorie hakucheka. "Sote tulijifunza hivyo hivyo, binti yangu. Mimi nilikuwa mpiga chapa, sikuwa na shahada yoyote."

"Ulijifunza peke yako?"

"Nilifundishwa na Warren."

"Aliketi kando yako?"

Marjorie akaitikia kwa kichwa.

"Basi," Noelle akasema, na sauti yake haikuwa na ushari hata chembe. "Wewe ulikuwa na Warren. Mimi sina Warren. Wanaoanza leo wana skrini tu, na skrini haivuti kiti."

Neno hilo lilimwingia Marjorie kama msumari. Aliwatazama wenzake, akahesabu ni wangapi wangefika Oktoba ijayo, na kwa mara ya kwanza akainua mkono kuunga mkono mabadiliko. Alipoinua yeye, wengine wakamfuata. Wakakubaliana Bittern mpya itakuja na vitufe vya dunia nzima, na mzee anayetaka njia ya zamani ataandika mstari mmoja kwenye mipangilio yake. Warren hakuwepo. Alikuwa nyumbani Gloucester na mkewe Eunice, na asiyekuwepo na lake halipo.

Bittern mpya ilitoka mwishoni mwa Machi. Kwa wiki mbili Marjorie alikuwa mtu mwenye furaha. Barua zilimiminika: mwalimu wa sekondari, mtawa, kijana anayeandika kamusi ya lugha ya bibi yake. Noelle alimpigia simu kucheka tu. "Umeona, Marji? Wanatoka na kuingia kama nyumbani kwao!"

Kisha akapiga Eunice.

"Sijui nimwite daktari au nikuite wewe," alisema. "Hataki kula."

Marjorie alipanda treni ya asubuhi. Tangu akili ianze kumpotea, Warren alikuwa amebakiwa na jambo moja. Kila siku baada ya kifungua kinywa aliketi mbele ya kompyuta na kuandika habari za utotoni mwake: mama yake katika kiwanda cha samaki, kaka yake aliyepotea baharini, mbwa wa jirani. Huenda asikumbuke kama amekunywa kahawa, lakini mikono ilijua njia. Daktari mwenyewe alistaajabu.

"Amekuwa akiandika, mara skrini nyeupe," Eunice alimnong'oneza mlangoni. "Anaandika tena, nyeupe tena. Siku nne. Jana akaniuliza, 'Eunice, hivi niliwahi kuandika chochote, au mlikuwa mnanipa moyo tu?'"

Marjorie alijua kabla hajaigusa kompyuta. Miaka mitatu nyuma, yeye mwenyewe alikuwa ameipanga ijisasishe bila kuuliza, ili Warren asisumbuke. Na Warren, kila alipomaliza kusema jambo, alibonyeza A, kisha X. A ikachagua maandishi yote. X ikayakata yote.

Warren alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, viganja vimelala magotini.

"Marji," alisema. Jina lake alilikumbuka siku ile. "Imekwisha, eh?"

"Haijaisha. Mashine imeharibika tu. Naitengeneza sasa hivi."

Warren akacheka kwa pua. "Mashine? Ile haiharibiki hivi hivi. Niliiandika mimi. Iliyoharibika ni hii," akajigonga kipaji cha uso, taratibu, mara mbili.

Pale ndipo angesema. Neno lilikuwa mdomoni: si kichwa chako, ni sisi, ni mimi, niliinua mkono. Lakini Eunice alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi, na Marjorie akaona aibu. Akasema, "Hapana, ni mashine," kisha akageukia kibodi.

Maandishi aliyapata yote kwenye akiba, hata koma haikupotea. Akarudisha vitufe vya zamani. Akamvutia Warren kiti. "Njoo ujaribu. A, X."

Warren aliitazama kibodi kama mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata. "Mwachie mtu mwingine," akasema. Hakuandika tena. Eunice alimbembeleza majira yote ya joto, Marjorie akaenda kila Jumapili, lakini mikono haikutoka magotini. Kufikia Septemba hakumjua yeyote kati yao, na wiki ya kwanza ya Desemba alifariki kwa homa ya mapafu.

Noelle alipoelezwa na Marjorie kisa kizima alilia kwenye simu. "Turudishe, Marji. Turudishe kila kitu kama zamani."

"Turudishe ili nani afungiwe nje? Hukukosea, mwanangu. Kosa ni kwamba hatukuuliza." Siku ile ile waliandika pamoja mistari michache ya programu: Bittern isibadilishe vitufe vya mtu aliyeizoea mpaka imuulize na yeye ajibu. Kazi ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Marjorie alibaki ameketi akiuwaza ule muda uliotosha, saa mbili na ushei tu, na jinsi ulivyokuwa mdogo.

Siku ya mazishi, watu walipokwisha kula na kuondoka, Eunice alimshika mkono jikoni. "Hakuna aliyemtendea wema kama wewe. Ulikuja hata ile siku mashine ilipoharibika."

"Haikuharibika," Marjorie alisema. Akamweleza yote, mkutano, kura, kujisasisha, A na X.

Eunice alisikiliza hadi mwisho. Alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ungeniambia siku ile," alisema, "ningemwambia si kichwa chake. Ningemwambia kila asubuhi mpaka aamini."

"Najua."

"Mimi angeniamini, Marjorie."

Hakupaza sauti. Alimsindikiza hadi mlangoni, akamfungia vifungo vya koti kama kawaida yake, kisha akarudi ndani. Majira yale ya baridi Eunice hakumpigia Marjorie simu, wala Marjorie hakuona kuwa ana haki ya kupiga. Mwezi Februari alimwandikia Noelle kumkabidhi uangalizi wa Bittern, barua fupi, bila kutoa sababu. Noelle akakubali.