Mama Fomu na Mashine za Kuazima

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Fomu amechuchumaa kwenye uwanja wa saruji nyuma ya nyumba ya wageni ya ghorofa nne, anapapasa sakafu kwa kiganja kama mtu aliyedondosha sindano. Wanawake kumi na mmoja wamesimama wakimtazama. Hawajui wacheke au wakasirike.

Anachotafuta ni mikwaruzo. Mahali mabeseni yanapoburutwa kila siku, saruji hulika. "Hapa pamelika," anajisemea, kisha anaandika kwenye daftari lake. Anainuka, anajifuta magoti na kutoa amri.

"Nionyesheni mikono."

Wanaonyesha. Vidole vimeparara, kucha zimelainika na kuwa nyeupe pembeni. Katibu wa kikundi, binti wa miaka ishirini na mitatu, ananyoosha mkono mmoja tu. Wa pili uko ndani ya kapu la foronya kavu, juu ya tumbo la mtoto wake wa miezi minne aliyelala humo. Mama Fomu haridhiki. Anataka kuona choo wanachotumia, kamba za kuanikia na mahali wanapoweka chakula chao cha mchana.

"Cheti cha usajili kinaazimwa," anasema. "Mhuri unachongeshwa. Hata watu wanaazimwa, wakaja kupigwa picha wakaondoka. Lakini sakafu iliyolika utaazima kwa nani?"

Mama Fomu, jina alilopewa na wateja na ambalo sasa hata watoto wake wawili humwita wakitaka kumchokoza, ana miaka arobaini na miwili. Meza yake ni ndogo, imebanwa kati ya mashine ya kutoa nakala na dirisha, ndani ya duka la kuchapa. Hapo huwatafutia watu wadogo fedha za watu wakubwa: ruzuku za serikali kwa vikundi, misaada ya taasisi za hisani, mafungu ya vifaa. Husoma matangazo, hujaza fomu, na huandika andiko, yaani yale maelezo ya mradi ambayo mfadhili huyasoma kabla ya kufungua mkono au kuufunga.

Kwa miaka sita ameandika maandiko sitini na matatu. Yaliyofanikiwa ni tisa. Ada yake ni sawa na bei ya kuchapa kurasa kumi na mbili, afanikiwe mtu au asifanikiwe. Asilimia haitaki kabisa. "Asilimia humfanya mwandishi awe mwongo," anasema.

Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kufuta. Simu yake haikosi jumbe: hongera, kikundi chako kimechaguliwa; tuma ada ya uhakiki leo kabla ya saa sita. Anazifuta huku akinywa chai. Kwa uzoefu wake, anayetoa huwa hana haraka. Mwenye haraka ni anayechukua. Tangazo likimvutia, hulibeba mpaka ofisi ya maendeleo ya jamii akalitafute ubaoni kwa macho yake. Namba iliyochapwa kwenye tangazo haipigi mpaka aipate kwingine.

"Mke wangu ukimpa zawadi anaomba risiti," anasema mumewe, fundi baiskeli, na hatanii sana.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka wake wa kwanza alimjia bwana mmoja mwenye suti ya kijivu na sauti ya upole, akitaka andiko la kituo cha watoto thelathini wasio na wazazi. Alimwamini. Hakwenda kuona. Fedha zilitoka, bwana akatoweka, na kituo kikabainika kuwa chumba kimoja kilichofungwa kufuli. Mama Fomu alihojiwa siku mbili na kuachiwa. Mtaa haukumwachia. Hata mama yake mzazi alimwita uani akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umekula ngapi?"

"Niliandika kwamba wanalala wawili wawili kwenye godoro moja," anakumbuka. "Niliandika mpaka nikalia. Kumbe nilikuwa nawalilia watoto ambao hawajazaliwa."

Ndiyo maana wafua nguo hawa walipomjia dukani mara ya kwanza, aliwaangalia kwa jicho la pembeni. Walikuwa wamevaa vizuri mno.

Nao walikuwa na shaka zao. Mwenyekiti, mama mkavu wa miaka hamsini na mitano ambaye wote humwita Shangazi, alitaka kujua karatasi hiyo ikitoka itakuwa na jina la nani. Alipoambiwa ni jina la kikundi, alitikisa kichwa polepole. "Hata mwizi wa kuku huanza kwa kumwaga punje," alisema.

Lakini shida ilikuwa inawasukuma. Wanafua kwa mkono mashuka ya nyumba hiyo ya wageni na ya majirani zake wawili. Mwenye nyumba alikuwa amewapa miezi mitatu wawe na mashine, la sivyo kazi yote iende kwa kampuni ya kufua. Hakuna kati yao mwenye kazi nyingine. Taasisi moja ya hisani ilikuwa imetangaza fungu la vifaa kwa vikundi vya wanawake, na tangazo hilo Mama Fomu alikuwa ameshalikuta ubaoni.

Baada ya kuikagua sakafu na mikono, aliandika. Andiko likapita mchujo wa kwanza. Ikaja barua kwamba mkaguzi atawatembelea Alhamisi, saa tisa alasiri, aone hali halisi.

Alhamisi hiyo Mama Fomu alitangulia kwa saa nzima. Alipofungua geti alidhani amekosea nyumba. Mabeseni hayapo. Uwanja umepigwa deki mpaka unateleza. Katikati zimesimama mashine mbili nyeupe za kufulia, zimevishwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, na wanawake kumi na mmoja wamejipanga nyuma yake wakiwa wamejifunga vilemba vya rangi moja.

"Hizi ni za nani?" aliuliza.

"Za kazi," alijibu Shangazi.

"Za nani, Shangazi?"

Siri ikatoka, kidogo kidogo. Shemeji yake Shangazi anauza vifaa vya umeme. Amewaazima mpaka jioni. Shangazi alikuwa na hoja yake, na hakuitoa kwa aibu. Mtu hapewi kwa kuwa hana, alisema, mtu hupewa kwa kuwa na dalili ya kuwa nacho. Mkaguzi akiona mabeseni atasema hawa mashine wataijulia wapi.

Mama Fomu aliwaambia ukurasa wa pili wa andiko lao unasema hawana mashine hata moja, kwamba ndicho wanachoomba, na kwamba wazitoe hapo upesi. Wanawake wanne wakaiinamia ya kwanza. Walikuwa hawajaiinua shibiri moja geti likagongwa. Mkaguzi alikuwa amewahi kwa dakika arobaini. Wakaguzi nao hawamwamini mtu, na kuwahi ndio mtego wao.

Alikuwa mtu mwembamba, faili amelikumbatia kifuani. Aliwasalimu, akapewa kiti, hakukaa. Aliizunguka mashine. Aliinua kitambaa kwa vidole viwili. Kisha akaushika waya wake na kuufuata taratibu mpaka mwisho, akabaki na plagi mkononi.

"Hii inachomekwa wapi?"

Uwanja ule hauna soketi. Hata taa hauna.

Alimgeukia Mama Fomu. "Mama, wewe umeandika hawana mashine. Mimi naona mbili. Kati ya karatasi yako na macho yangu, niamini kipi?"

Mama Fomu anasema dakika hiyo ilikuwa ndefu kuliko zile siku mbili za kuhojiwa. Suti ya kijivu ilimjia mbele ya macho. Aliwatazama wale kumi na mmoja na kuwashuku wote, hadi yule mwenye mtoto. Ilitosha kusema amedanganywa kama mkaguzi mwenyewe alivyokaribia kudanganywa, akaondoka na jina lake likiwa safi. Lakini alijua kwamba akitoka getini peke yake, kikundi kimekwisha.

"Nilikuwa nimeshashika mkoba," anakiri.

Aliyesema ni Shangazi. Alivivua vitambaa vyote viwili, akavikunja mara nne, pembe kwa pembe, kwa sababu mikono yake haijui kuacha nguo bila kukunjwa.

"Za shemeji yangu," alisema. "Saa kumi na moja zinarudi dukani. Huyu mama hajui kitu, amezikuta kama ulivyozikuta wewe. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi ninayefua nguo za watu ndiye niliyepaswa kulijua hilo mapema."

Mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo. Mkaguzi hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, akapindua ukurasa, akaandika tena. Mwishowe akauliza mabeseni yako wapi. Yalikuwa yamefichwa chooni, yamepangwa mpaka darini. Akaomba afuliwe mashuka mawili.

Walifua. Alitazama saa yake walipoanza na walipomaliza. Shangazi na katibu walishika kila mmoja ncha yake wakalikamua shuka la mwisho, mmoja akizungusha kulia, mwingine kushoto, bila kuambizana. Mkaguzi aliaga bila kusema neno la heri wala la shari. Soda aliikataa. Maji pia aliyakataa.

Geti lilipofungwa Mama Fomu alisema yote yaliyokuwa yamemjaa. Kwamba wamemwangusha. Kwamba wamejiangusha wenyewe. Wakamsikiliza mpaka akaishiwa pumzi. Hapo ndipo katibu, huku akimnyonyesha mwanawe, alipozungumza bila kumtazama usoni.

"Ulipotusomea ule ukurasa wa kwanza, mimi nilirudi nyumbani sikula," alisema. "Uliandika sisi ni wanawake duni, tusio na uwezo, tunaoishi kwa kubahatisha. Huyu akikua aje asome hivyo kuhusu mama yake?"

"Ulituvua nguo mbele za watu," Shangazi alimalizia. "Tukaenda kuazima."

Usiku ule, Mama Fomu anasema, alilitoa kabatini lile andiko la kituo cha watoto, ambalo hakuwahi kulichana, akaliweka kando ya hili jipya. Duni. Wasio na uwezo. Wanaoishi kwa kubahatisha. Maneno ni yale yale, na mahali pengine hata mpangilio ni ule ule.

"Watu wa kweli niliwaandika kwa maneno ya watu wa hewa," anasema. "Sasa mkaguzi atawatofautisha vipi?"

Wiki tatu baadaye ilikuja barua, si ya ndiyo wala ya hapana. Kikundi kitafanyiwa uhakiki wa pili, bila taarifa. Kikitaka, kinaweza kuongeza maelezo mafupi.

Tangu siku hiyo, uwanja wa wafua nguo umekuwa mahali pa adabu ya kutisha. Muuza sabuni aliyepita na mkoba mkubwa alipewa kiti, chai na pole ya jua, akaulizwa kama faili liko salama. Fundi bomba aliitwa bwana mkaguzi kutwa nzima na hakusahihisha. Shangazi haoni cha kuchekesha. Mmoja wa hao ndiye, anasema, na kwa kuwa hawamjui, wote ndio.

Mpaka makala haya yanaandikwa, zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa kufikia mwisho wa muda wa mwenye nyumba.

Yale maelezo mafupi Mama Fomu alikataa kuyaandika. Aliweka karatasi tupu mbele ya katibu, ambaye shule aliiachia darasa la saba, akaifunika kalamu yake mwenyewe na kukaa. Ilichukua siku mbili na karatasi nyingi zilizokunjwakunjwa. Kisha katibu akasoma, mtoto akiwa mapajani akivuta pembe ya ukurasa.

"Sisi ni wafua nguo kumi na mmoja. Tunafua mashuka mia mbili na arobaini kwa siku, kwa mikono. Mashine mlizoziona si zetu, tuliona haya. Hatujawahi kupoteza hata foronya moja ya mteja. Mkitupa mashine tutafua mara tatu ya hapo, na mlango uko wazi, njooni siku yoyote mhesabu."

Mama Fomu aliona mahali pa kurekebisha, pawili au patatu. Hakugusa. Aliuliza swali moja tu, kama hayo mashuka mia mbili na arobaini wameyahesabu kweli. Wakasema wameyahesabu wiki nzima. Akaibeba barua mwenyewe mpaka kwenye taasisi, akakataa kumwachia mlinzi, na hakuondoka mpaka nakala yake ikagongwa mhuri wa kupokelewa.

Mwenye duka la kuchapa amemruhusu kutumia meza mbili, jioni mbili kwa wiki. Kuanzia mwezi ujao anataka kuwafundisha vikundi kujiandikia ukurasa wao wa kwanza kabla yeye hajashika kalamu. Kikundi kitakachoshindwa kujieleza kwa ukurasa mmoja, anasema, atajua kuna jambo.

Na wafua nguo je?

Mama Fomu ni mwanamke aliyezoea kujibu swali kwa swali, lakini hili analijibu.

"Wakinyimwa safari hii, watakuwa wamenyimwa wao, si maneno yangu," anasema. "Lakini mimi naona watapewa." Anashtushwa na sauti yake mwenyewe. Kisha anaongeza, "Andika hivyo. Andika nimesema naona watapewa."